Uzi: Nauli nafuu ya kwenda Roma na mpango wa siku tano, kwa mwenye pasi inayohitaji viza

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Likizo zinapokaribia, swali hilohilo hurudi hapa jukwaani: nitapataje tiketi ya bei nafuu ya kwenda Ulaya kwa siku tano au sita, nione mji mmoja, kisha nirudi kazini? Majibu mengi yanayotolewa yamenakiliwa kutoka tovuti zilizoandikwa kwa ajili ya mkazi wa Manchester au Düsseldorf, ambaye akiiona nauli ya euro 30 siku ya Jumatano anainunua papo hapo, na Ijumaa yuko Lisbon. Mtu huyo haombi viza. Sisi tunaomba, na jambo hilo moja hupindua mpangilio wote wa kazi, kwa kuwa kalenda ya ubalozi ndiyo inayoamua lini tununue tiketi, na nauli inayoonekana ndogo kuliko zote huweza kuwa ghali kuliko zote ukishajumlisha kila kitu.

Nitatumia mfano wa Roma kutokea Dar es Salaam, kwa sababu ni mji ninaoufahamu na kwa sababu Italia ina ubalozi wake Dar. Anayekwenda Paris au Madrid atabadilisha majina tu.

Tuanze na viza. Tangu tarehe 11 Juni 2024, ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto aliyefikisha miaka 6 lakini hajafikisha 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Pale ubalozi unapotumia kituo cha kupokelea maombi, kuna ada ya huduma juu yake. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla ya kuondoka. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ingawa ubalozi una haki ya kuongeza hadi siku 45, na muda wa kusubiri miadi haumo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuondoka katikati ya Novemba na asiwe na presha, afanye kazi ya miadi mwezi Agosti. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, inayotambulika katika nchi zote za Schengen, ambazo sasa ni 29. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iendelee kuwa hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya.

Sasa tiketi. Ubalozi huhitaji kuona nafasi uliyoshika, na mara nyingi wao wenyewe hushauri usilipie mpaka upate viza. Nauli za chini kabisa hazirejeshwi, kwa hiyo anayenunua tiketi ya namna hiyo kabla ya viza anacheza kamari na fedha yake mwenyewe. Zipo njia mbili za busara. Ya kwanza ni kumtumia wakala wa tiketi akushikie nafasi na kukupa karatasi yenye namba ya kumbukumbu, nawe ulipe viza ikitoka. Ya pili ni kununua daraja la nauli linalorejeshwa kwa makato yanayojulikana, ukikubali kwamba tofauti ya bei ndiyo gharama ya usingizi wako. Baadhi ya mashirika huuza pia haki ya kushikilia nauli kwa siku mbili au tatu, lakini muda huo hautoshi kusubiri ubalozi. Unamfaa yule ambaye viza tayari iko mkononi.

Kuhusu njia za kupita, kutoka Dar hatuna ndege yetu ya kwenda Ulaya, na Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuingia anga yake. Zinazobaki ni zile tunazozijua: Ethiopian kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul, Qatar kupitia Doha, Emirates kupitia Dubai, EgyptAir kupitia Cairo, na KLM kupitia Amsterdam. Zote hizo zinafika Roma, na zote isipokuwa KLM hupita nje ya Schengen. Tofauti hiyo ina uzito, na nitaieleza chini.

Nauli huwa juu kuanzia Juni hadi Agosti na wiki mbili za mwisho za Desemba. Novemba, Februari, na mwanzo wa Machi kabla ya Pasaka ndipo nauli na hoteli za Roma hupungua kwa pamoja. Novemba ina mvua, tena ya kutosha, lakini mvua ya Roma haimzuii mtu kuingia kanisani wala makumbusho.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, ahsante kwa uzi. Umesahau kitu ambacho kila mtu anakijua: tiketi hununuliwa Jumanne usiku, tena kwa kivinjari cha siri, kwa sababu ukitafuta mara nyingi tovuti inakutambua na kupandisha bei. Mimi mwenyewe nimeiona bei ikipanda mbele ya macho yangu.

Mwanzisha uzi

Sijasahau, kaka, nimeliacha kwa makusudi. Ulichokiona ni kweli, ila sababu yake ni nyingine.

Ndege si daladala ambamo kila abiria hulipa nauli moja. Viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu yenye herufi, na kila fungu lina bei na masharti yake: kama tiketi inarejeshwa, kama tarehe hubadilishwa, kama inakupasa ukae siku kadhaa kabla ya kurudi. Fungu la chini likiisha, mfumo unakuonyesha linalofuata, hata kama nusu ya ndege ni tupu. Ukitafuta tiketi za watu wanne kwa pamoja wakati fungu la chini limebakiza viti vitatu, mfumo utawapa wote wanne bei ya fungu la juu. Jaribu kutafuta mtu mmoja, kisha watu wanne, ulinganishe bei ya kila kichwa. Hapo utauona ukweli kuliko kwenye kivinjari cha siri. Zaidi ya hayo, tovuti za kulinganisha huhifadhi bei za saa chache zilizopita, nawe ukibonyeza unaletewa bei ya sasa, ndiyo maana inaonekana kama imepanda kwa sababu yako.

Jumanne nayo ina ukweli wake, lakini ni ukweli wa siku ya kuruka. Kuondoka katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa au Jumapili. Tumia kalenda ya Google Flights au chaguo la mwezi mzima la Skyscanner, uone siku zote kwa mkupuo, kisha nenda kanunue kwenye tovuti ya shirika lenyewe au kwa wakala unayeweza kumfuata ofisini. Kuna tovuti za kati ambazo zina bei ndogo kwa dola kumi au ishirini, lakini ratiba ikibadilika shirika hukwambia urudi kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia hapokei simu.

Jambo la mwisho katika hili: kwa safari ndefu, tiketi ya kwenda na kurudi huwa nafuu kuliko tiketi mbili za upande mmoja, na ipo ya tatu ambayo wengi hawaiulizi, yaani kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Dar kwenda Roma, kisha Milano kurudi Dar, katika tiketi moja, mara nyingi hukaribia bei ya kwenda na kurudi Roma, na inakuokoa safari ya kurudi nyuma. Kati ya Roma na Milano kuna treni za kasi za Frecciarossa na Italo, takriban saa tatu, na kwa kuwa kampuni hizo mbili zinashindana tangu 2012, anayenunua wiki kadhaa kabla hupata bei nzuri.

Mchangiaji, Arusha

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Sisi wa huku tuna uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mlangoni na Nairobi iko umbali wa nusu siku kwa basi kupitia Namanga. Je, kuna faida ya kuanzia Nairobi?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Faida ipo, lakini ihesabiwe yote. Nairobi ina mashirika mengi zaidi, na ushindani huo huonekana kwenye nauli. Linganisha KIA na Nairobi kwa tarehe zilezile, kisha kwenye bei ya Nairobi ongeza basi la kwenda na kurudi, usiku mmoja wa kulala ikiwa ndege ni ya alfajiri, na saa utakazopoteza mpakani. Ikibaki tofauti ya dola 150 au zaidi, nenda Nairobi. Ikiwa ni dola 50, panda KIA ukalale ndani ya ndege.

Kuna sharti moja lisilosamehe. Ukinunua tiketi inayoanzia Nairobi, huwezi kuacha kipande cha kwanza na kupandia mbele. Abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza, shirika hufuta vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi.

Mchangiaji, Leipzig

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Ujerumani kwa kibali cha ukaazi, na hizi ndege za bei nafuu ndizo daladala zangu, kwa hiyo naomba niongezee kwa wanaofikiri watashuka Roma kisha warukeruke miji mitano kwa euro 20.

Kwanza, uwanja si mji. Uwanja wa Beauvais unauzwa kwa jina la Paris, na uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Hahn unauzwa kwa jina la Frankfurt, na uko zaidi ya kilomita 100. Bergamo wa Milano uko kilomita 50. Basi la kwenda na kurudi huko linaweza kuizidi nauli yenyewe.

Pili, begi. Kwa nauli ya chini unaruhusiwa begi moja dogo la kuweka chini ya kiti: Ryanair sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet 45 kwa 36 kwa 20. Nilikuwa kwenye foleni Bergamo, mbele yangu familia ya watu watano, kila mmoja na begi la magurudumu. Mhudumu hakubishana. Alionyesha lile fremu la chuma lililo kando ya lango, baba akaliingiza begi la kwanza, magurudumu yakabaki nje kama vidole vinne, basi. Walilipia mabegi matano hapo hapo langoni, na bei ya langoni ni kubwa kuliko ile ya kulipia mapema mtandaoni. Mama akavaa makoti matatu ili angalau begi moja lipite, na halikupita.

Tatu, na hili linatuhusu zaidi: mashirika kadhaa ya aina hiyo humtaka asiye raia wa Ulaya apite kwanza kaunta ya kukaguliwa pasi na viza kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama tayari ana tiketi kwenye simu. Ukifika langoni bila ukaguzi huo unaweza kurudishwa, na ndege haikusubiri. Fika mapema kuliko wenzako.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu. Hapo ndipo niliposema tofauti ya njia nitaieleza.

Baadhi ya watu hununua Dar–Istanbul katika tiketi moja, kisha Istanbul–Roma ya bei nafuu katika tiketi nyingine. Kwenye skrini akiba inapendeza. Lakini ndege nyingi za bei nafuu za Istanbul huondokea Sabiha Gökçen, uliopo upande wa Asia, ilhali wewe unashukia uwanja mkubwa wa upande wa Ulaya. Inakubidi uingie Uturuki, uchukue mzigo, uvuke jiji zima, na kwa yote hayo uwe na viza ya Uturuki. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwajibiki kwako kwa chochote. Katika tiketi moja, ukikosa kuunganisha kwa kosa la shirika, shirika hulazimika kukupandisha nyingine.

Tofauti nyingine ni mahali utakapogongewa muhuri, au tuseme utakapopigwa picha, kwa sababu tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuingiza utaratibu wa kusajili uso na alama za vidole mpakani badala ya mihuri. Ukaguzi hufanyika kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen. Anayepita Amsterdam au Frankfurt atakaguliwa hukohuko kabla ya kuunganisha kwenda Roma, na muda wa saa moja wa kuunganisha ni mdogo mno. Anayepita Addis, Doha au Istanbul atakaguliwa Roma, ambako hana ndege ya kuwahi. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kuchagua njia ya pili nauli zikikaribiana.

Lakini mizani ina upande wake mwingine. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria fidia ya euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500 akifika mwisho wa safari kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Kati ya saa tatu na nne inaweza kupunguzwa hadi euro 300. Kanuni hiyo hulinda kila ndege inayoondoka Ulaya, iwe ya shirika lolote, na ndege zinazokwenda Ulaya ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa hiyo ukienda na KLM unalindwa pande zote mbili. Ukienda kupitia Addis kwa tiketi moja, kwenda hulindwi, kurudi kutoka Roma unalindwa hadi Dar. Hifadhi kipande cha tiketi na uandike saa milango ya ndege ilipofunguliwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kufika inayohesabiwa.

Mchangiaji, Lubumbashi

Ndugu, kwetu Kongo kuna jambo la ziada. Je, mtu anayekwenda London anaweza kupita Brussels bila viza ya Schengen, ikiwa hatoki uwanjani?

Mwanzisha uzi

Hapana, ndugu. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo katika orodha ya pamoja ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani, hata wasipotoka eneo la wasafiri, isipokuwa wenye nyaraka fulani kama viza hai ya nchi ya Schengen au ya Marekani. Kwa London, pita Addis. Ethiopian inafika Lubumbashi. Na kwa wote: Uingereza haimo katika Schengen, kwa hiyo London na Roma katika safari moja ni maombi mawili na ada mbili.

Mchangiaji, Mombasa

Mmeacha ndege za Waitaliano. Hapa kwetu, kwa ajili ya Watamu na Malindi, kuna Neos inayotoka Italia moja kwa moja hadi Mombasa, na Zanzibar pia.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, na ni jambo la kuangalia. Ndege hizo zimepangwa kwa kufuata wiki za likizo za Mtaliano, yeye akija kwetu wakati wa baridi yao, kwa hiyo ratiba hazitakufaa kila mwezi, na aghalabu zinarudi baada ya wiki nzima. Lakini tarehe zikikubali, unatoka pwani na kushuka Italia bila kuunganisha popote.

Sasa Roma yenyewe. Kutoka uwanja wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express hufika Termini, kituo kikuu cha treni cha mji, kwa dakika 32 na bei yake ni euro 14. Treni ya kawaida ya FL1 ni euro 8, ila haifiki Termini. Unashuka Ostiense, unavuka kwa miguu hadi kituo cha metro cha Piramide, na tiketi ya metro ni euro 1.50 inayodumu dakika 100. Kwa mtu mmoja au wawili, FL1 inashinda. Kwa watu wanne, Leonardo ni euro 56, na teksi rasmi nyeupe ina bei maalumu ya euro 55 hadi ndani ya kuta za kale za mji, tena inawafikisha mlangoni.

Hoteli ishikwe kwa masharti ya kufuta bila malipo, kwani ubalozi utataka kuiona kabla hujajua kama unakwenda. Bei ya tovuti mara nyingi haina kodi ya mji. Kwa hoteli ya nyota tatu ni euro 6 kwa mtu kwa usiku, hivyo wawili kwa usiku tano watatoa euro 60 wakifika kaunta, na wengi hudhani wanaibiwa.

Colosseum ni euro 18 pamoja na magofu ya Forum na kilima cha Palatino. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo nenda na pasi, na ununue kwenye tovuti rasmi, maana wachuuzi wa nje wanauza kitu kilekile kwa maradufu. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, lakini foleni yake itakula asubuhi nzima. Makumbusho ya Vatikani ni euro 20, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huwa bure asubuhi. Kanisa la Mtakatifu Petro halina kiingilio. Pantheon ni euro 5 tangu Julai 2023. Maji usinunue: Roma ina mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 barabarani, maji yake ni salama na baridi. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta kama wenyeji, kwa kuwa ukikaa mezani, hasa kwenye viwanja maarufu, bei ni nyingine kabisa. Mwezi Agosti sikushauri. Joto ni kali, na kuelekea tarehe 15 wenyeji wengi huondoka na maduka madogo hufungwa.

Siku tano zinatosha: mbili za mji wa kale, moja ya Vatikani, moja ya kutembea bila mpango katika mtaa wa Trastevere, na moja ya treni hadi Napoli, takriban saa moja na dakika kumi kwa treni ya kasi.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam aleikum. Nataka kumchukua mama yangu, ana umri wa miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nasikia kiti cha magurudumu hulipiwa. Na je, akipata viza mara hii, mara nyingine ataanza upya?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, dada. Katika viwanja vya Ulaya huduma hiyo hailipiwi; sheria yao ya mwaka 2006 inailazimu, mradi shirika lijulishwe saa 48 kabla. Mashirika makubwa yanayotoka Zanzibar nayo huitoa bure. Kuhusu viza, alama za vidole hukaa kwenye mfumo kwa miezi 59, kwa hiyo ndani ya muda huo kwa kawaida hatachukuliwa tena, na mwenye viza tatu alizozitumia vizuri ndani ya miaka miwili anastahili kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi.

Unaposhika nafasi, usimwambie wakala "kiti cha magurudumu" tu. Kuna alama tatu: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi za ndege mwenyewe, WCHS kwa asiyeweza ngazi lakini anatembea hadi kwenye kiti chake, na WCHC kwa asiyeweza kutembea kabisa. Kwa magoti ya mama, omba WCHS, kwa sababu viwanja vingine bado hupandisha abiria kwa ngazi za nje, na mwenye alama hiyo huletewa gari la kumnyanyua.